Jani la Bukini Lililoshindwa Kutibu Sukari

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Toronto, Clark Noble, alipokea bahasha kutoka kwa mgonjwa wake aliyekuwa Jamaika. Ndani mlikuwa na majani 25 ya ua dogo la bustanini, pamoja na maelezo kwamba watu wa huko huyachemsha wakanywa kama chai, hasa insulini inapoadimika, na husema sukari hushuka.

Ua lenyewe unalijua. Lina petali tano, jeupe au la waridi, na katikati kitone cha rangi iliyokolea. Linastahimili jua kali na mchanga wa pwani. Ukitembea Mombasa, Tanga au Unguja utalikuta mbele ya nyumba, kando ya njia, hata mahali ambapo hakuna anayelimwagilia maji. Wauza miche huliita vinka. Wataalamu wa mimea huliita Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Kutoka huko lilisafirishwa likaenea nchi za joto, na karibu kila lilikofika watu walilipa kazi ya tiba. Kazi iliyotajwa zaidi ilikuwa hiyo ya kushusha sukari.

Bahasha ile iliangukia mikono iliyokuwa na habari na sukari. Mwaka 1921 Clark Noble, akiwa bado mwanafunzi, alirusha sarafu na mwenzake Charles Best ili kujua nani aanze kumsaidia Frederick Banting katika majaribio yaliyokuja kuzaa insulini. Best alishinda, akaingia katika historia, na Noble akabaki nje ya mlango. Miaka 31 baadaye majani ya Jamaika yalipomfikia, hakuyatupa. Alimpa mdogo wake, Robert Laing Noble, mtafiti wa homoni katika maabara ya utafiti wa tiba ya Collip, Chuo Kikuu cha Western Ontario, katika mji wa London ulioko Kanada.

Robert Noble alifanya jambo ambalo mtafiti yeyote angeanza nalo. Alitengeneza maji ya majani yale, akawanywesha wanyama wa maabara, akapima sukari yao. Haikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Akaona pengine tumbo linaiharibu dawa kabla haijaingia katika damu, kwa hiyo akawadunga panya kwa sindano. Panya wakafa ndani ya wiki.

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu habari nzima imeinamia hapa. Mtafiti huyu alikuwa na sababu mbili nzuri za kulifunga faili. Dawa aliyoitafuta hakuiona, na kitu alichokipata ni sumu. Angeandika ripoti ya ukurasa mmoja kwamba chai ya Jamaika haina faida na ina madhara, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini aliuliza swali moja zaidi: panya hawa wameuawa na nini?

Walipopasuliwa walionekana wamejaa majipu ya bakteria. Ni vijidudu ambavyo panya mzima huishi navyo bila shida. Kwa nini basi viliwashinda hawa? Noble akageukia damu. Chembe nyeupe, zile zinazoulinda mwili, zilikuwa zimeporomoka. Akaangalia uboho wa mifupa, mahali chembe hizo zinapotengenezwa, akaukuta umekauka kazi yake. Kitu fulani ndani ya jani kilikuwa kinazuia seli za uboho zisizaliane, na sindano ilikuwa imekifikisha pale ambapo chai isingekifikisha.

Mtu mwingine angeona ubaya tu. Noble aliona kwamba kuna ugonjwa ambao shida yake ni kinyume cha hii: saratani ya damu, lukemia, ambapo chembe nyeupe changa huongezeka bila breki hadi zinaziba kila kitu. Ikiwa jani hili linasimamisha kuzaliana kwa chembe nyeupe, je, linaweza kuzisimamisha zile zilizoasi?

Kulijibu swali hilo kulihitaji mkemia. Mwaka 1954 alijiunga naye Mwingereza Charles Beer, na kazi yake ilikuwa kulitenganisha jani hadi abaki na kile kitu kimoja. Kazi hiyo ni ya kuchosha kuliko inavyosikika. Ndani ya ua hili leo zinajulikana alkaloidi zaidi ya 130, na nyingi zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Beer aliligawa jani katika mafungu, kila fungu likaenda kwa panya, na damu ya kila panya ikahesabiwa chembe nyeupe. Fungu lililoshusha hesabu liligawanywa tena, na kila sehemu mpya ikarudi kwa panya. Kipimo chao kikubwa kilikuwa hesabu ya damu chini ya darubini, kazi ambayo fundi wa maabara wa hospitali ya wilaya anaifanya kila siku. Mwishowe walipata fuwele za kitu kimoja safi, kinachojulikana leo kama vinblastini. Mwaka 1958 Noble, Beer na mwenzao Cutts waliichapisha kazi yao katika jarida la Chuo cha Sayansi cha New York, na katika kichwa cha makala yao wakataja waziwazi nafasi ya mambo yanayoonekana kwa bahati katika kutafuta dawa.

Naheshimu uungwana huo wa kusema waziwazi kwamba bahati ilihusika. Ila bahati iliwapa panya waliokufa tu. Kuhesabu chembe nyeupe za panya aliyekufa ni uamuzi wa mtu.

Wakati huohuo, bila wao kujua, mkemia Gordon Svoboda wa kampuni ya Eli Lilly huko Marekani alikuwa analichunguza ua hilohilo. Naye alilifuata kwa sababu ya sifa yake ya sukari. Kampuni ilikuwa na mtindo wa kuijaribu kila dondoo ya mmea kwa panya wadogo waliopandikizwa lukemia, na panya waliopewa dondoo ya vinka waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Baadaye pande mbili zilishirikiana. Kutoka kwa Svoboda ilipatikana alkaloidi ya pili, vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Neno alkaloidi linaweza kumtisha msomaji, lakini vitu vyenyewe viko jikoni na barazani. Ni jamii ya kemikali zenye naitrojeni ambazo mimea hutengeneza, nyingi ni chungu, na kiasi kidogo tu hutosha kuusukuma mwili huku au kule. Kafeini ya kahawa ni alkaloidi. Nikotini ya tumbaku vilevile, na kathinoni inayomfanya mla miraa akeshe. Kwinini nayo imo. Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya Amani kule Usambara mwaka 1902, mikwinini ilikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda, na milima ya Kivu imevunwa magamba yake kwa miongo mingi kwa ajili ya kiwanda cha Bukavu. Yeyote aliyetafuna kidonge cha kwinini anakumbuka uchungu wake, na anayekumbuka masikio yalivyovuma anajua pia kwamba mstari kati ya dawa na dhara ni mwembamba.

Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Nyingi ni silaha zake dhidi ya wadudu na wanyama wanaoula. Silaha ya mmea hugeuka dawa pale mtu anapojua inapiga wapi na kwa kipimo gani.

Za vinka zinapiga mahali pa ajabu. Seli inapotaka kuwa mbili, kwanza hurudufu maelezo yake ya urithi, kisha hutandaza nyuzi nyembamba sana kutoka ncha mbili. Nyuzi hizo hushika kromosomu na kuzivuta, nusu huku na nusu kule, kama mabaharia wanavyovuta kamba za tanga kutoka pande mbili za jahazi. Nyuzi hujengwa kwa protini iitwayo tubulini, kipande juu ya kipande. Vinblastini na vinkristini huishika tubulini isijengeke. Kromosomu hubaki zimejipanga katikati bila wa kuzivuta. Seli haiwezi kusonga mbele wala kurudi, na hatimaye inakufa. Ndiyo maana walioumia kwanza kwa Noble walikuwa uboho na chembe zake, kwa sababu seli za pale hugawanyika mchana na usiku. Na ndiyo maana mgonjwa wa saratani anayetibiwa hupoteza nywele, kwani seli za shina la unywele nazo zina haraka.

Ajabu nyingine ni kwamba dawa hizi mbili zinatofautiana kwa kitu kidogo mno. Molekuli yenye atomi zaidi ya mia moja imebadilika mahali pamoja tu, kikundi kimoja kilichoshikamana na naitrojeni. Mabadiliko hayo madogo yanatosha kuhamisha dhara. Vinblastini hulemea uboho zaidi, na vinkristini hulemea zaidi mishipa ya fahamu. Kwa hiyo madaktari wanaweza kuiunganisha vinkristini na dawa nyingine zinazoumiza uboho bila kuubebesha uboho mzigo wote, na muungano huo ndio uliobadilisha maisha ya watoto wenye lukemia. Zamani mtoto aliyepatwa na lukemia kali ya limfoblasti alihesabiwa miezi. Leo, katika nchi zenye uwezo wa kutibu ipasavyo, takribani watoto 9 kati ya 10 wako hai miaka mitano baadaye, na karibu kila mpango wa tiba yao una vinkristini ndani yake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Nimepokea zaidi ya mara moja, katika makundi ya simu, picha ya ua hili na maneno kwamba "wazungu wanatengeneza dawa ya saratani kwa ua lako la nyumbani, chemsha majani unywe". Anayeandika hivyo amesoma nusu ya kwanza ya habari. Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliacha kliniki ya sukari akawa anatafuna majani matano kila asubuhi, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo ulimwambia yanasafisha damu. Aliporudi hospitalini alikuwa na kidonda mguuni kisichopona. Simlaumu. Aliambiwa kwa lugha anayoielewa na mtu anayemwamini, na upande wa pili hakuna aliyezungumza naye kwa lugha hiyo.

Basi tuzungumze kwa hesabu. Dozi ya vinkristini hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili, na kwa kawaida hairuhusiwi kupita miligramu 2 kwa mara moja hata kwa mtu mzima mnene. Punje ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Ikate vipande kumi, chukua kipande kimoja: hicho ndicho kipimo cha juu. Ikizidi, mishipa ya fahamu inaharibika, utumbo unasimama. Dawa hiyo ikiingizwa kwa makosa katika uti wa mgongo badala ya mshipa wa damu, karibu kila mara huua. Upande wa jani, viwandani huhesabiwa kwamba gramu moja ya vinblastini huhitaji kilo 500 hivi za majani makavu, na gramu moja ya vinkristini hufikia kilo 2,000. Kwa mahesabu hayo, miligramu 2 za vinkristini ni kilo 4 za majani makavu, yaani kiroba kizima kwa sindano moja. Mtu anayetumbukiza majani matano katika birika hana njia ya kujua amepata kiasi gani cha alkaloidi ipi kati ya zile 130, na nyingi ya hizo hakuzitaka. Jani la mvua si jani la kiangazi, na mche wa Tanga si mche wa Dodoma.

Na ile sifa ya kushusha sukari? Tafiti za baadaye zimeona dondoo fulani za mmea huu zikishusha sukari ya panya. Sitaki kulidharau jambo hilo. Lakini kati ya panya aliyeshuka sukari na mama yule wa mtaani kwetu kuna njia ndefu ambayo mtu lazima aitembee yote, na yule aliyetuma ujumbe hakuitembea hata hatua.

Wako watakaonijibu kwamba ninazungumza kama mtu anayewadharau waganga. Hapana. Bila mtu wa Jamaika aliyeamini chai yake kiasi cha kuitia majani bahasha, Noble asingekuwa na la kufanya. Jina la mtu huyo halikuingia kwenye tuzo. Ninachosema ni kwamba maarifa ya mganga yalielekeza kwenye jani, yakakosea ugonjwa, na bado yalikuwa na thamani kubwa. Mambo hayo matatu yanakaa pamoja bila kugombana. Tatizo letu Afrika Mashariki ni kwamba tunashika moja tu. Mmoja anasema miti shamba ni ushirikina, mwingine anasema babu zetu walijua kila kitu. Mwaka 2011 maelfu walipopanga foleni za magari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, tulibishana miezi mizima kama tunaamini au hatuamini. Maswali ya Noble yalisikika kidogo sana: mti ule una nini ndani, kiasi gani, kinafanya nini katika damu, na kwa nani.

Hatuna udhuru wa kusema hatuna mahali pa kuuliza. Chuo kikuu chetu cha tiba pale Muhimbili kina taasisi ya tiba asili ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Kenya ina watafiti wa mimea ya dawa ndani ya taasisi yake ya utafiti wa tiba. Wanafunzi wa shahada za juu hukusanya mimea kutoka Kilimanjaro hadi Kigoma. Lakini soma tasnifu nyingi za mimea ya dawa, utaona zinaishia palepale: dondoo ilitiwa kemikali, rangi ikabadilika, ikahitimishwa kwamba mmea una alkaloidi, tanini na saponini. Kusema mmea una alkaloidi ni sawa na kusema nyumba ina watu. Ni nani hao, wangapi, na yupi kati yao amefungua mlango? Kazi ya Beer ilianza pale ambapo kazi zetu nyingi zinaishia, na ilimchukua miaka, na mtu alikuwa anamlipa mshahara miaka yote hiyo ingawa bado hana dawa mkononi. Sisi tunamfadhili mwanafunzi miaka miwili, anapata cheti, mmea unarudi porini.

Najua hili linauma kwa sababu lina historia ya kunyang'anywa ndani yake. Ua ni la Bukini. Dawa zimeuzwa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60, na watu wa Bukini hawakupata fungu katika ugunduzi ule. Hadi leo, kusini mwa kisiwa hicho, upande wa Fort-Dauphin, wakulima na wachumaji huuza mizizi na majani makavu ya vinka kwa ajili ya viwanda vya ng'ambo, na wanaobakiwa na thamani ni wengine. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 uliwekwa ili mambo ya namna hii yasijirudie, nchi yenye mmea na watu wenye maarifa wapate haki yao.

Ninaliunga mkono dai hilo, lakini kesi ya vinka ni ngumu kuliko inavyosimuliwa. Mmea ni wa Madagaska, sifa iliyoanzisha utafiti ilitoka Jamaika, sifa yenyewe ilikuwa ya ugonjwa mwingine, na ua lilikwisha kuota nusu ya dunia. Nani alipwe, na kwa lipi? Mwanasheria mzuri angeweza kubishana mwaka mzima. Wakati anabishana, sayansi inasonga. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark na Marekani walichapisha kazi katika jarida la Nature wakionyesha kwamba wamebadilisha jeni za hamira, ile jamii ya hamira ya kuumulia mkate, hadi ikatengeneza malighafi mbili ambazo zikiunganishwa hutoa vinblastini. Walifanya mabadiliko 56 katika hamira moja. Siku kazi hiyo ikifika kiwandani kwa bei nafuu, mchumaji wa Bukini anaweza kukosa hata kile kidogo, na hakuna mkataba wa majani utakaomsaidia kwa sababu hakutakuwa na majani.

Hamira hiyo haikuletwa na tamaa tu. Mwaka 2019 hospitali za watoto Marekani zilihangaika kwa uhaba wa vinkristini baada ya mmoja wa watengenezaji wawili waliokuwepo kuacha kuitengeneza. Ikiwa nchi tajiri kuliko zote ilifika mahali pa kugawa dozi, msomaji anaweza kuwaza hali ya wodi zetu dawa inapokwama njiani.

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo husahaulika, nami naiona kubwa kuliko zote kwetu. Tunapenda kujitaja kama walioibiwa jani. Lakini Afrika Mashariki ilichangia pia upande wa pili, upande wa kujua jinsi ya kuitumia dawa. Mwaka 1957, Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt, mtu aliyebakiwa na jicho moja tangu utotoni, alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Mwaka uliofuata aliandika habari ya uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka Afrika Mashariki na Kati karibu kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza ni wapi unaonekana na wapi hauonekani. Ugonjwa huo, ambao ni aina ya saratani, sasa huitwa limfoma ya Burkitt.

Uganda haikuwa na mashine ya mionzi, na upasuaji haukufua dafu. Kilichobaki kilikuwa dawa. Burkitt aliwapa watoto dozi chache za dawa mpya zilizokuwa zinatoka maabara za ng'ambo, na wengine walipona kwa namna iliyowashangaza waliomsoma Ulaya. Mwaka 1966 aliandika alichokiona alipotumia vinkristini. Mwaka 1967 kilifunguliwa pale Mulago kituo cha limfoma ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, kikiongozwa na Mmarekani kijana, John Ziegler, na watafiti wa Kampala wakapanga majaribio ya kuchanganya dawa, vinkristini ikiwemo, wakiandika matokeo ya kila mtoto. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ya Marekani ilitolewa kwa madaktari walioifungua njia ya kutibu saratani kwa dawa, na miongoni mwao walikuwa Burkitt na Ziegler. Mwaka huohuo, Uganda ya Amin ikiwa imechafuka, Ziegler aliondoka na Mganda Charles Olweny akaibeba taasisi katika miaka ambayo wengi wangeifunga.

Kwa hiyo mtu akiniambia sayansi ya namna hii haiwezekani kwetu kwa sababu ya umaskini, namwonyesha Mulago. Pale hapakuwa na mashine kubwa. Palikuwa na kitanda, faili, mizani, hesabu ya damu, na watu waliokubali kuandika hata pale mtoto alipofariki. Waganga wetu wakubali faili. Vyuo vikubali kumlipa mkemia miaka saba kwa mmea mmoja. Wizara ikubali kwamba baadhi ya miti itashindwa kipimo, na itangaze kushindwa huko kwa sauti ileile inayotangaza mafanikio. Na mganga anayeleta jani apewe karatasi yenye jina lake na sharti la fungu lake kabla jani halijakatwa, ili lisirudi lile la Jamaika.

Siku ya kliniki, mtoto anayetibiwa kwa vinkristini hapewi sindano kabla ya kuulizwa kama vidole vinakufa ganzi, na kama amepata choo. Damu yake huhesabiwa, chembe nyeupe kwanza. Kisha daktari anamwomba avue viatu, atembee kwa visigino kutoka kitandani hadi mlangoni. Mtoto hudhani ni mchezo. Daktari anaangalia kama nyayo zinanyanyuka au zinaburuzika, kwa sababu zikiburuzika mishipa imeanza kulemewa, na dozi ile ya kipande cha punje ya mchele itabidi ipunguzwe.